Mwanangu, Usiitikie Usichokielewa

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalam aleikum. Barua hii ataileta mdogo wako Jumanne kwa treni, pamoja na begi kubwa na zile kanga mbili ambazo mamako hataki uondoke bila ya kuwa nazo. Ningeweza kukueleza haya kwa simu, lakini simu yetu ni ya watu wengi, kila mmoja anataka neno lake, na jambo nililo nalo linahitaji ukae peke yako, ulisome, kisha ulisome tena ukiwa ndani ya ndege.

Tangu Jumapili sijapata usingizi wa kutosha. Ulitusimulia, huku ukicheka, kwamba yule msimamizi wa wodi aliyezungumza nawe kwa video kutoka Uingereza alikuambia, «If anything worries you, bring it up at handover», nawe ukamjibu «Yes, of course», kisha mazungumzo yalipokwisha ukamgeukia mwenzako ukamwuliza ni kitu gani ulichotakiwa kukipandisha, na ukipandishe wapi. Mamako alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuaga haraka nikamrudishia simu yake, na nadhani uliona. Niliogopa, mwanangu, na hivi niandikavyo bado naogopa. Kutolijua neno si jambo la kumtia mzazi hofu, kwa kuwa maneno hujifunzwa. Kilichonitia hofu ni ile «Yes, of course».

Najua utasema baba anakuza jambo dogo, na kwamba mtihani umekwisha kuufaulu. Ni kweli umeufaulu. Mwaka 2021, miezi michache baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa kupeleka wauguzi, waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Kipande hicho cha gazeti nilikikata nikakitia katika bahasha ya vyeti vyako, na kila ulipokuwa ukijiandaa nilikuwa nakitoa nikikitazama. Wewe umepata 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, kama baraza lao la wauguzi na wakunga linavyotaka, na siku majibu yalipotoka nilitembea mpaka kwa wazee wenzangu msikitini nikawaeleza kabla hata ya kukupongeza wewe mwenyewe. Ulinuna, na ulikuwa na haki ya kununa.

Lakini Kiingereza ulichokikariri kwa ajili ya mtihani ni cha maneno marefu. Unajua kusema «vomit», unajua «regurgitate», unajua «expectorate», na yote ni maneno mazuri ya kuandikwa kwenye faili. Mzee wa miaka 80 aliyelala kitandani huko uendako huenda asiseme hata moja kati ya hayo. Atakwambia, «I brought up my breakfast», yaani ametapika chakula chake cha asubuhi, kwa sauti ya chini, akiona haya, nawe ukimtabasamia na kumwitikia kwa kudhani kwamba anakushukuru kwa kumletea chai, utakuwa umemwacha na maradhi yake. Waingereza wana maneno madogo kama «bring», «put», «take» na «get», wanayaambatanisha na maneno mengine madogo zaidi, na humo ndimo wanamoishi kutwa nzima. Hata sisi tunafanya vivyo hivyo. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga magoti, wala hakuna anayepigwa. Tunasema fulani alinijia juu, na mgeni anayejifunza Kiswahili akifuata neno moja moja atadhani mtu huyo alipanda ngazi, kumbe alifoka. Basi usitafute ujuu ndani ya «up» yao, kwa maana mara nyingi haumo.

Mimi neno hili «bring up» nililijua kwanza baharini. Meli ikitia nanga, mnyororo hutolewa kwa vipande vya mita 27.5 hivi, ambavyo mabaharia huviita shakeli, na ofisa aliyesimama omoni, kwenye pua ya meli, huinama kuutazama unavyonyooka mbele ya meli. Mwanzo hukaza kabisa hata unatetemeka, na maji yanachuruzika kutoka katika pete zake. Kisha hulegea taratibu, chuma kikarudi kuning'inia wima kuelekea majini, na omo likatulia. Hapo ofisa huita kwenye redio kwamba meli ni «brought up», yaani nanga imeshika. Nilikuwa kijana, nilisimama omoni mara nyingi, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba maneno hayo hayana maana nyingine duniani. Siku moja nahodha akaniuliza, «Where were you brought up?» Nikamtajia mahali tulipotia nanga mara ya mwisho. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Alikuwa ametaka kujua nimetoka kwa watu gani, na alikuwa mtu wa kwanza katika meli ile kuniuliza. Nilipopata maana yake kutoka kwa mwenzangu mmoja, nahodha alikwisha shuka Durban, na sikuwahi kumwambia kwamba nimelelewa Lamu.

Maana hiyo ya kulea ndiyo utakayokutana nayo mapema, kwa sababu watu wa huko wakitaka kukuzoea huuliza ulikolelewa. Utasema, «I was brought up in Mombasa.» Ukitaka kumtaja aliyekulea, tumia «by», useme, «I was brought up by my grandmother», na hilo ndilo jibu la kweli mpaka ulipotimiza miaka sita, kwa maana mamako alikuwa akifanya kazi ya kushona mpaka usiku na mimi nilikuwa nikirudi mara moja kwa mwaka na zawadi. Usiongeze jina langu kwa kunionea haya. Na usichanganye «bring up» na «grow up», kwani kosa hilo nimelisikia ukilifanya mara nyingi, ukisema «my grandmother grew me up». Msemo wetu wenyewe umeyatenganisha vizuri: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Umleavyo ni «bring up», kwa kuwa yupo anayelea na yupo anayelelewa. Akuavyo ni «grow up», kwa kuwa mtoto anakua mwenyewe, wala hakuna wa kumkuza kwa mkono. Wamarekani hupenda zaidi kusema «raise», na ukikutana nao utaelewa. Mtoto mwenye adabu Waingereza humwita «well brought up», na malezi yenyewe ni «upbringing», ambapo lile «up» limeruka likatangulia mbele. Usijaribu kusema «bringing-up» ukidhani umepatia.

Utaona pia kwamba wanasema «I was brought up to do» jambo fulani, kwa maana ya kuzoezwa tangu utotoni. Kwa mfano, «I was brought up to answer when I am called.» Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi, nitaurudia.

Sasa nije kwenye maneno ya msimamizi wako. Alipokuambia «bring it up at handover», alikuagiza hivi: jambo lolote likikutia wasiwasi, litaje wakati wa makabidhiano ya zamu, mbele ya wenzako. Kwa Kiswahili chetu ni kuibua jambo, na kitenzi hiki «kuibua» ndicho nakuomba ukishike, kwa maana kinafanana nacho kuliko «kusema» na kuliko «kuleta». Jambo limelala chini ya maji, watu wanapita juu yake, wewe unalitoa likaonekana. Ndiyo maana mara nyingi Mwingereza husema «I'm sorry to bring this up», au «Since you've brought it up», kwa sababu linaloibuliwa aghalabu lina uzito, na pengine kuna mtu aliyependa liendelee kulala. Ukitaja mtu unayemwendea nalo, tumia «with», useme, «I brought it up with the doctor». Ukitaja kikao, tumia «at» au «in». Usiseme «I brought it up to the doctor» Uingereza, ingawa wengine husema. Masikio yao yamezoea «with».

Liangalie pia lile neno «it» linapokaa. «Bring it up» ni sawa, «bring up it» si Kiingereza cha mtu yeyote. Kitu chenye jina kinaweza kukaa kati au mwisho, «bring the matter up», «bring up the matter», na kikiwa kirefu sana hukaa mwisho ili msikilizaji asichoke kuingoja «up». Lakini «it», «him», «her» na «them» lazima ziwe katikati. Wewe ulilalamika kwamba kanuni hii haina akili, nami nikakaa nikaifikiri, nikaona kwamba lugha yetu inafanya jambo lilelile kila siku bila sisi kushtuka. Tunasema nilimlea, nilikitaja, nitaliibua, na yule m, ki na li wamekaa ndani ya tumbo la kitenzi, hawatoki nje. Hakuna Mswahili anayesema nilea-m. Basi chukulia kwamba «bring» na «up» ni kitenzi kimoja chenye tumbo, na kile kijineno kidogo hulala humo. Tangu nilipolitazama hivyo sijakosea tena, nami nina miaka 64.

Kwa sikio lako ni vigumu zaidi kuliko kwa jicho lako, na hapa ndipo ulipokuwa mvivu, mwanangu, kwa sababu ulisoma orodha badala ya kuwasikiliza watu. Mwingereza akisema upesi, «brought it up» huwa kama neno moja, «brotitap», na nguvu ya sauti inaangukia ile «up» ya mwisho. Ukisikia nguvu imeangukia hapo, simama, kwa sababu huenda kuna maana nyingine mbali na ile ya kuleta. Tena usiiachie r yako ipotee. «Brought» ni ya «bring», na «bought» ni ya kununua. Katika ujumbe uliomtumia mamako mwezi uliopita uliandika «I have brought a sweater», naye akakaa akingoja uje na sweta nyumbani, kumbe umelinunua.

Yaliyobaki ni ya wodini, na haya ndiyo yanayoninyima usingizi. Wodini neno hili moja litakujia kwa sura nyingi ndani ya zamu moja. Mwenzako akiwa mbele ya kompyuta akisema «bring up her notes», anataka ufungue kumbukumbu za mgonjwa kwenye kioo. Wakipiga simu kutoka chini na kuuliza kama wanaweza «bring him up», mgonjwa analetwa ghorofani kwenu, na hapo kweli «up» ni juu. Kwa watoto wachanga utasikia «bring up his wind», yaani kumcheulisha baada ya kunyonya, kazi ambayo umeifanya hapa nyumbani kwa mdogo wako tangu una miaka saba. Mgonjwa wa kifua huambiwa ajaribu «bring up» makohozi. Na aliyetapika ame-«brought up» chakula, au chai, au dawa aliyomeza nusu saa iliyopita, jambo ambalo kama hukulielewa utaandika kwamba dawa imekaa mwilini, hali imo ndani ya ndoo.

Linalonitisha kuliko yote ni damu. Mtu akisema «he brought up some blood», hata Mwingereza mwenyewe hajui kwa hakika amesema nini, kwa sababu damu inaweza kukoholewa kutoka mapafuni au kutapikwa kutoka tumboni. Wewe unayajua haya kuliko mimi: ile ya mapafuni mara nyingi huwa nyekundu ya kung'aa yenye povu, na ile iliyokaa tumboni hutoka nyeusi kama mashapo ya kahawa. Ni safari mbili tofauti kabisa za matibabu, zimefunikwa na maneno mawili madogo. Hapo kuitikia ni hatari hata kwa mtu anayejua Kiingereza tangu tumboni mwa mamake. Uliza, «Did he cough it up, or did he vomit it?» Uliza rangi. Uliza mara ngapi. Uliza hata kama wanakutazama kama mtu mzito wa kuelewa.

Unaukumbuka usiku ule wa mamako, wewe ukiwa darasa la nne, kwa hiyo sitausimulia. Unamkumbuka yule muuguzi wa alfajiri, aliyeweka sinia lake sakafuni na kuondoka mbio kumwita daktari, na umesema mbele za watu mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyekufanya upende kazi hii. Usichokijua ni kwa nini ilifika alfajiri. Tulipompandisha mamako ngazi kwenda wodini, daktari wa zamu, kijana mgeni asiyejua Kiswahili, aliniuliza swali moja tu la maana. Aliniuliza, «Has she brought anything up?» Mkoba wa mamako tulikuwa tumeuacha chini kwenye teksi. Nikamjibu, «No, doctor.» Nilijibu upesi, kwa sauti ya mtu anayejua Kiingereza, kwa kuwa watu wa mtaani waliokuja nasi walikuwa wamesimama nyuma yangu na wote walinitegemea mimi niliyezunguka dunia. Akaandika. Mpaka yule muuguzi alipokuja akamwinamia mamako na kuniuliza kwa Kiswahili, «Mama ametapika?» Nikamwambia mara mbili, nyumbani. «Rangi gani?» Nikamwambia kama mashapo ya kahawa. Ndipo lile sinia likawekwa sakafuni.

Mamako akihadithia usiku ule humlaumu daktari kwa kuchelewa, nami hukaa kimya nikitia sukari kwenye chai ambayo nimekwisha kuitia. Kwa Kiingereza ningesema, «I have never brought it up.» Nimeutumia mfano huo, basi na uwe mfano.

Utaona kwa nini «Yes, of course» yako ilinikata maini. Nilikuwa najisikia mwenyewe nikisema «No, doctor». Na si haki nikulaumu wewe peke yako, kwa sababu kuitikia upesi tulikufundisha sisi. Ukiitwa ni «abee» kabla sauti ya mkubwa haijatua chini, na mtoto aliyeuliza «umesema nini?» aliambiwa ana masikio ya pamba. Mara ngapi nilikuambia kwamba mtoto mwema haulizi ulizi mbele ya wageni? Ulizoea, na walimu wako wakakusifu, nami nikajivunia kwamba nina binti anayeitikia. Ile adabu usiitupe, itakufaa kwa wazee wa huko, ambao wengi wao hawatembelewi na watu wao kama tulivyozoea hapa. Lakini wodini, juu ya kitanda cha mtu, iweke kando. Usiitikie usichokielewa. Sema, «Sorry, what do you mean by brought up?» Ni sentensi fupi, haina aibu, na ukiizoea wiki ya kwanza haitakupa tabu wiki ya pili. Kama atakayekuambia ni daktari mkubwa, iseme vilevile. Kama amekwisha geuka kwenda, mfuate.

Nakuomba pia ununue daftari dogo, la kutosha mfuko wa sare yako, na kila ulisikiapo neno la namna hii uandike sentensi nzima kama ilivyosemwa, na aliyesema alikuwa nani, na mkono wake ulikuwa ukielekeza wapi. Ukiandika «bring up» peke yake na mbele yake «kulea», umeandika sehemu ndogo tu ya neno. Katika kamusi litafute chini ya «bring», usihangaike kwenye «up», na usome maana zote mpaka mwisho, usiishie ile ya kwanza kama ulivyozoea kufanya kwenye simu yako. Kila Jumapili unitumie sentensi tatu kutoka daftari hilo. Si kwa kukupima. Na mimi nataka kuzijua.

Mamako anasema nikukumbushe kwamba viungo vya pilau amevisaga na kuvifunga mara tatu, usivifungue mpaka ufike, na kwamba achari ya embe hataiweka kwa sababu mwaka juzi ya shangazi yako ilipasukia begini. Makoti usinunue Nairobi, ngoja ununue huko, wanajua baridi yao. Dawa zake za tumbo anazo za miezi miwili, kwa hiyo mwezi wa kwanza usitume pesa. Lipa chumba, nunua viatu vya kusimamia zamu, na mengine yatafuata. Deni la nauli kwa shangazi yako nimelipunguza kwa ile pesa ya mbuzi, limebaki kidogo, nalo ni langu, usilitie katika hesabu zako. Tangi la maji lilianza kuvuja tena pale pale chini, fundi amekuja ameziba, na safari hii nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza. Mdogo wako ameanza kusoma kwa mwanga wa simu ili tusimalize stima, nimemkataza, macho ni yake. Akikufikia mpe nauli ya kurudi mkononi siku ya kuondoka, usimpe mapema.

Ukifika piga simu saa yoyote, hata usiku wa manane. Na kama umefika umechoka na huwezi kuzungumza, tuma neno moja tu kwamba nanga imeshika. Kwa Kiingereza unalijua sasa.

Mamako amekuja mlangoni mara mbili kuuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia aketi, ale kwanza, nikishaswali isha nitamsomea yote kabla sijaifunga bahasha.

Babako